VIRUSI VYA KORONA NA BAKTERIA WA UTUMBO: HATARI ILIYOFICHIKA KWA WAGONJWA DHAIFU

0. UTANGULIZI

Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alipotangazwa mjini Kinshasa tarehe 10 Machi 2020, watu wa nchi yetu walikuwa wamekwisha kusikia habari za ugonjwa huo kutoka China na Ulaya, na karibu wote waliufahamu kuwa ni ugonjwa wa mapafu. Ufahamu huo haukuwa na kosa. Wagonjwa walikohoa, walikosa pumzi, na hospitali zilihangaika kutafuta oksijeni. Hata hivyo, madaktari waliowahudumia wagonjwa mahututi katika nchi mbalimbali waliona jambo jingine ambalo halikuelezwa sana kwa umma. Baadhi ya wagonjwa, hasa wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo, walipatwa na maambukizo ya pili baada ya siku kadhaa za kulazwa; na damu yao ilipochunguzwa, ilikutwa na bakteria.

Bakteria hao walitoka wapi? Damu ya mtu mzima haina bakteria wanaoishi na kuzaliana ndani yake. Ni kweli kwamba wengine huingia kwa njia ya sindano na mirija ya hospitali. Lakini uchunguzi uliofanywa tangu mwaka 2020 umeonyesha mlango mwingine, nao umo ndani ya mgonjwa mwenyewe: utumbo wake.

Lengo la makala haya ni kueleza jinsi kirusi cha korona kinavyoweza kuvuruga jamii ya bakteria wanaoishi utumboni, kwa nini uvurugaji huo huwa hatari zaidi kwa wagonjwa dhaifu, na jinsi dawa zilizokusudiwa kuwaokoa zilivyoweza kuongeza hatari hiyo. Kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wengi ni watu wa lugha, si wa tiba, tutaanza na maneno yenyewe. Na itaonekana kwamba maneno nayo yana sehemu yake katika jambo hili.

1. ISTILAHI: KIRUSI SI BAKTERIA

Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Lubumbashi, kama katika lugha nyingine za miji yetu, neno "mikrobe", lililotoka katika Kifaransa, hutumika kutaja kila kijidudu kiletacho maradhi. Kiswahili sanifu nacho kina neno "vijidudu", ambalo upana wake ni uleule. Maneno haya yanafaa kwa mazungumzo ya kila siku, lakini yanafunika tofauti kubwa sana.

Bakteria ni kiumbe kamili chenye seli moja. Hula, hukua, hujigawa na kuzaa bila kumtegemea mwingine. Kirusi hakina seli. Ni kifurushi kidogo cha maagizo ya urithi kilichofungwa ndani ya protini, na hakiwezi kuzaliana mpaka kiingie katika seli ya kiumbe kingine na kuitumia kama karakana yake. Kwa sababu hiyo, dawa ziitwazo antibiotiki, ambazo hushambulia kuta na viungo vya seli za bakteria, hazina cha kushambulia katika kirusi.

Mtu asiyeijua tofauti hii husema: "Nina mikrobe, nipe dawa ya mikrobe." Maneno yake yana mantiki kamili kwa mujibu wa lugha yake, lakini akiuguzwa kwa mantiki hiyo, atapewa dawa isiyomgusa adui aliyemwingilia, bali itakayowaua wenyeji wasio na hatia. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya tano.

Jina jingine linalohitaji uangalifu ni "chango". Katika matumizi ya kawaida laweza kumaanisha utumbo mwembamba na pia minyoo ya tumboni. Kwa hiyo tutatumia "utumbo" peke yake, na kuuita "mwembamba" au "mpana" inapobidi. Bakteria wote wanaoishi humo kwa pamoja tutawaita "jamii ya bakteria", kwa sababu, kama tutakavyoona, wanaishi kijamii: kila kundi lina kazi yake na linategemea kazi ya mwingine.

2. JAMII YA BAKTERIA NA UKUTA WA UTUMBO

Makisio yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema kwamba mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Sehemu kubwa sana ya bakteria hao wamo katika utumbo mpana. Wanakula mabaki ya chakula ambayo sisi hatuwezi kuyasaga, hasa nyuzinyuzi za mboga, maharagwe na nafaka, na kutokana nayo wanatengeneza asidi fupi za mafuta. Mojawapo ni asidi ya butiriki, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana.

Ukuta huo ni mwembamba kupita mtu anavyodhani. Kati ya uchafu wa utumboni na damu pana safu moja tu ya seli, ambazo hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache. Safu hiyo hulindwa kwa njia tatu. Kwanza, seli zake zimeshikamana kwa nguvu, hata bakteria hawezi kupenya katikati yake. Pili, seli maalumu hutoa ute mzito unaowaweka bakteria mbali na ukuta. Tatu, katika utumbo mwembamba, seli ziitwazo seli za Paneth hutoa protini zinazowaua bakteria wanaosogea karibu mno.

Bakteria wenyewe ndio mlinzi wa nne, na ulinzi wao una mzunguko unaostahili kuelezwa. Wengi wa bakteria wema hawawezi kuishi penye oksijeni. Seli za ukuta wa utumbo mpana, zikilishwa asidi ya butiriki vizuri, huitumia oksijeni nyingi inayoletwa na damu, kwa hiyo ni kidogo sana inayovuja kuingia utumboni. Hivyo bakteria wanailisha seli, na seli inawatunzia bakteria mazingira yasiyo na oksijeni. Mzunguko huo ukikatika, oksijeni huvuja, bakteria wema hupungua, na nafasi yao hutwaliwa na wale wanaovumilia oksijeni, kama jamaa za Escherichia coli. Kwa kawaida hawa ni wachache na hawana madhara makubwa. Wakizidi, ndio haohao wanaokutwa mara kwa mara katika damu ya wagonjwa.

3. NJIA YA KIRUSI HADI UTUMBONI

Kwamba korona hufika utumboni si habari mpya. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa SARS, ambao uliletwa na jamaa ya kirusi cha sasa, zaidi ya watu 300 waliambukizwa katika majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong. Wengi wao waliharisha, na wachunguzi walihusisha kuenea kwa ugonjwa huo na mabomba ya maji machafu ya majengo hayo. Mwezi Januari 2020, mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 aliyethibitishwa nchini Marekani naye aliharisha, na chembe za urithi za kirusi zilipatikana katika choo chake.

Sababu yake ni hii. Ili kuingia katika seli, kirusi cha korona hujishikiza kwenye protini iitwayo ACE2, iliyoko juu ya seli. Protini hiyo ipo katika mapafu, lakini ipo kwa wingi zaidi katika seli za utumbo mwembamba. Huko haikuwekwa ili kukipokea kirusi. Ina kazi yake. Mojawapo ni kusaidia kufyonza baadhi ya asidi amino kutoka katika chakula, ikiwemo triptofani. Mwaka 2012, miaka kadhaa kabla ya Covid-19 kujulikana, utafiti uliofanywa kwa panya ulikuwa umeonyesha kwamba ACE2 ikikosekana, ufyonzaji wa triptofani hupungua, seli za utumbo hutoa protini chache za kuua bakteria, jamii ya bakteria hubadilika, na utumbo huvimba kwa urahisi. Kwa hiyo kirusi kinaposhika mlango huu, hakiingii tu: huenda kikazuia pia kazi ya kila siku ya mlango wenyewe.

4. USHAHIDI KUTOKA HONG KONG NA NEW YORK

Mwezi Januari 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 100 wa Covid-19 waliolinganishwa na watu 78 wasio na ugonjwa huo. Katika choo cha wagonjwa, bakteria kadhaa wanaojulikana kwa kutuliza uvimbe walikuwa wamepungua: Faecalibacterium prausnitzii, ambaye ni mmoja wa watengenezaji wakuu wa asidi ya butiriki, Eubacterium rectale, na aina kadhaa za bifidobakteria. Kadiri ugonjwa ulivyokuwa mkali, ndivyo jamii ya bakteria ilivyoonekana kuvurugika zaidi. Tena hali hiyo haikurekebika mara kirusi kilipotoweka. Wagonjwa waliofuatiliwa walikuwa nayo hata siku 30 baadaye.

Matokeo haya yalizua swali la haki. Mgonjwa wa hospitali hali chakula chake cha kawaida, analala muda mrefu, anapewa dawa nyingi, na mara nyingi zikiwemo antibiotiki. Je, ni kirusi kilichowapunguza bakteria, au ni matibabu? Kwa kuwachunguza wagonjwa peke yao, ni vigumu kuyatenga mambo hayo mawili.

Jibu lilitafutwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wakishirikiana na wenzao wa Yale, nao walitoa makala yao mwezi Novemba 2022. Walianza na panya waliotiwa jeni ya binadamu ya ACE2 ili waweze kuambukizwa. Panya hao hawakupewa antibiotiki. Walipewa kirusi tu. Jamii ya bakteria wao ikapungukiwa na aina zake. Seli za Paneth na seli zitoazo ute zikabadilika, na zikaonekana dalili kwamba ukuta wa utumbo umeanza kupitisha vitu usivyopaswa kupitisha. Kirusi, basi, kinaweza kuuharibu ukuta bila msaada wa dawa.

Kisha wakawachunguza wagonjwa 96 waliolazwa mwaka 2020 katika miji ya New York na New Haven. Wengi walikuwa na aina chache za bakteria kuliko kawaida, na katika robo nzima yao aina moja tu ilikuwa imetawala utumbo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watano alikutwa na bakteria katika damu. Hao walikuwa na Faecalibacterium wachache kuliko wenzao. Na mara nyingi bakteria aliyekutwa katika damu alikutwa pia katika choo cha mgonjwa yuleyule. Jambo hili halithibitishi safari ya kila bakteria mmoja mmoja, lakini linaelekeza kidole kwenye utumbo kwa nguvu kubwa.

5. KWA NINI WAGONJWA DHAIFU

Mtu kijana mwenye afya njema huweza kupitiwa na uvurugaji huu asijue. Bakteria wachache wakipenya ukuta, ini na askari wa kinga ya mwili huwakamata kabla hawajafika mbali. Baada ya wiki kadhaa bakteria wema huongezeka tena. Kwa mgonjwa dhaifu, kila hatua ya ulinzi huo ina upungufu wake.

Mzee huwa na bifidobakteria wachache tangu kabla ya kuugua, na kinga yake huitikia polepole. Kwa mwenye kisukari, sukari nyingi katika damu huweza kulegeza mishikamano ya seli za utumbo, kama ilivyoonyeshwa kwa panya. Mtu aishiye na virusi vya Ukimwi bila matibabu hupoteza askari wengi wa kinga katika ukuta wa utumbo wenyewe, hata vipande vya bakteria vikawa vinavuja katika damu yake miaka mingi. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa kemikali kali hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, na wakati huohuo dawa humharibia safu ya seli za utumbo.

Kundi hili la mwisho ndilo lililowafundisha madaktari mapema. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2012 kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering mjini New York, wagonjwa 94 waliopandikizwa uboho walifuatiliwa. Wale ambao utumbo wao ulitawaliwa na bakteria wa jamii ya Enterococcus walikuwa katika hatari mara 9 zaidi ya kuambukizwa damu na bakteria sugu wa jamii hiyohiyo. Waliokuja kuchunguza korona walikuwa, kwa namna fulani, wanasoma ukurasa wa pili wa kitabu kilichokwisha kufunguliwa.

Sasa tuitazame tiba. Antibiotiki humwokoa mgonjwa mwenye maambukizo ya bakteria, na hakuna anayepaswa kunyimwa anapozihitaji. Lakini dawa hizi haziwezi kumtambua bakteria mwema na mbaya. Zikipewa mtu ambaye kirusi kimekwisha kumdhoofishia ukuta, zinamwondolea mlinzi wa nne wakati walinzi watatu wa kwanza wanayumba. Wanaobaki ni wale wasiouawa na dawa, yaani bakteria sugu, nao hupata shamba lisilo na mshindani.

Ilitokea mara ngapi? Mwezi Aprili 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu za wagonjwa wapatao 450,000 waliolazwa katika nchi 65 kati ya Januari 2020 na Machi 2023. Ni asilimia 8 tu waliokuwa na maambukizo ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki. Lakini asilimia 75 hivi walipewa. Shirika hilo liliongeza kwamba dawa hizo hazikuwaletea nafuu wagonjwa wasio na bakteria, na huenda ziliwadhuru.

Nchi yetu haikuwa nje ya desturi hiyo. Katika uchunguzi wa wagonjwa 766 waliolazwa katika hospitali 7 za Kinshasa kati ya tarehe 10 Machi na 31 Julai 2020, wengi walitibiwa kwa klorokwini pamoja na azithromisini, ambayo ni antibiotiki. Asilimia 13 hivi walifariki, na umri mkubwa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo. Tusiwahukumu madaktari wa miezi ile. Walikuwa mbele ya ugonjwa mpya usio na dawa, na mataifa tajiri yalifanya vivyo hivyo. Jibu la hakika lilipatikana mwezi Februari 2021, pale jaribio lililofanywa katika hospitali za Uingereza kwa wagonjwa 7,763 lilipoonyesha kwamba azithromisini haikupunguza vifo: asilimia 22 walikufa miongoni mwa walioipata, na asilimia 22 miongoni mwa wasioipata.

6. KINACHOWEZA KUFANYWA

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Je, ufa huu unazibika?

Watafiti wa Hong Kong wamejaribu kuwapa watu bifidobakteria pamoja na chakula cha bakteria hao. Katika jaribio lao la watu 463 wenye dalili zilizoendelea muda mrefu baada ya Covid-19, lililotolewa mwanzoni mwa mwaka 2024, baadhi ya dalili, kama uchovu na kusahausahau, zilipungua zaidi kwa waliopewa bakteria kuliko kwa wenzao. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini waliojaribiwa walikuwa wamekwisha kupona ugonjwa wenyewe. Kwa mgonjwa mahututi, au yule ambaye kinga yake imeanguka, hata bakteria mwema aliye hai anaweza kupenya ukuta uliopasuka na kuingia katika damu. Kwa hiyo vidonge vya bakteria si vya kumpa mgonjwa wa namna hiyo bila shauri la daktari.

Njia iliyo karibu na wote ni chakula. Bakteria watengenezao asidi ya butiriki huishi kwa nyuzinyuzi, na meza zetu hazina upungufu wa vyakula vyenye nyuzinyuzi: sombe, lengalenga, maharagwe, na mahindi yasiyokobolewa. Mgonjwa anayeweza kula asikatazwe vyakula hivi kwa kudhaniwa kwamba ni chakula cha kimaskini kisichofaa hospitali. Hata hivyo, tusikipe chakula sifa isiyo yake. Hakiponyi Covid-19, kinawalisha walinzi.

La tatu ni uangalifu wa dawa. Hospitalini, maana yake ni kuchunguza damu kabla ya kuamua, palipo na maabara, na kuacha antibiotiki mara inapobainika kwamba hakuna bakteria. Nyumbani, maana yake ni kutonunua kapsuli dukani au sokoni kwa kila homa, wala kummezesha mzee masalio ya dawa ya mtu mwingine.

7. HITIMISHO

Tumeona kwamba kirusi cha korona kina mlango utumboni kama kilivyo nao mapafuni. Kwamba kinaweza, hata bila dawa yoyote, kuwapunguza bakteria wanaoulinda ukuta wa utumbo. Na kwamba kwa mgonjwa dhaifu ukuta huo ukilegea, wenyeji wa utumboni huweza kuwa wavamizi wa damu. Tumeona pia kwamba antibiotiki zilizotolewa kwa tahadhari tu ziliwafikia wengi wasiozihitaji.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Covid-19 tarehe 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe hakikuondoka, na wagonjwa dhaifu wangali miongoni mwetu: wazazi wetu, wenye kisukari, walio katika matibabu ya saratani. Somo lililopatikana kwao linahusu pia homa nyingine nyingi zinazoletwa na virusi.

Kwa sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili, kuna wajibu mmoja ulio wetu hasa. Daktari aweza kumwambia mgonjwa kwamba hahitaji antibiotiki, lakini mgonjwa hataelewa sababu ikiwa lugha anayoisikia ina neno moja tu kwa adui wawili walio tofauti. Maneno "kirusi" na "bakteria" yamo katika kamusi zetu tangu zamani. Kazi iliyobaki ni kuyatoa humo na kuyapeleka darasani, redioni, na kwenye mlango wa duka la dawa.